Maswali ya Kila Mtu: Kuifuatilia Historia ya Kudhaa

Mtu anayetaka kuandika historia ya Kudhaa leo hana jengo moja la kuliendea. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wa visiwa vilivyo kati ya Kismayo na Ras Kamboni walitawanyika. Wengi walikimbilia Lamu na Mombasa kwa vyombo vya baharini. Baadhi waliishi katika kambi ya Jomvu, Mombasa, hadi ilipofungwa mwaka 1997, na kuna waliorudishwa visiwani. Wengine wako Uingereza. Mapigano ya mwaka 2014 yaliwakuta wale waliokuwa wamebaki Kudhaa kwenyewe.

Vitabu tunavyo. Grottanelli alichapisha utafiti wake juu ya wavuvi wa Kibajuni mwaka 1955, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Neville Chittick alipita pwani hiyo akiandika habari za magofu. Ni kazi nzuri, lakini kitabu hakiulizwi swali la pili. Wazee wanaulizwa, na umri wao hauwasubiri watafiti. Ndiyo maana naona kwamba upangaji wa maswali ni sehemu ya mbinu ya historia, wala si kazi ya karani tu.

Mimi natumia programu ya kawaida ya simu ya kupangia kazi. Mtu angetarajia niyapange maswali kwa mada: uvuvi, ndoa, misikiti, safari ya 1991. Nimeyapanga kwa watu. Kila mzee ana orodha yake, na ndani yake mna mambo ya aina mbili. Kuna ya kufuatilia, yaani ahadi iliyotolewa na upande mmoja: picha itakayotafutwa sandukuni, namba ya binamu, nakala ya kurekodiwa niliyosema nitaipeleka. Kisha kuna ya kuzungumza, yaani swali linalongoja tuonane. Ami mmoja akipiga simu ghafla baada ya Isha, nafungua jina lake tu na kila kitu kiko mbele yangu. Mada isingenisaidia wakati huo.

Sababu kubwa zaidi ni ya kielimu. Jan Vansina, aliyefanya kazi Kongo na Rwanda, alisisitiza kwamba simulizi ipimwe kwa kujua imepitia kwa nani. Kwetu pwani jambo hili si geni: wanafunzi wa hadithi za Mtume walifundishwa isnadi karne nyingi kabla ya vyuo vikuu vyetu. Habari ikikatwa na jina la msemaji ikawekwa chini ya kichwa "uvuvi", mnyororo umekatika. Bibi mmoja anasema jamaa zake waliondoka Kudhaa kusi ikianza. Ami anasema ilikuwa kaskazi bado inavuma. Kila mmoja ana swali lake: bibi, aliyaona au alisimuliwa? Ami, walikuwa chombo kimoja? Huenda wote wawili wanasema kweli juu ya safari mbili.

Hapo programu inanisumbua kidogo. Inataka tarehe, na wazee wananiambia "njoo baada ya Ramadhani" au "kaskazi ikitulia". Naweka tarehe ya kukisia, kisha naandika maneno yao yenyewe pembeni.

Kuna namna nyingine ya kuwauliza Wabajuni, nayo inaonyesha umuhimu wa kurudi kwa mtu. Waombaji hifadhi Uingereza wamekuwa wakiulizwa juu ya visiwa na lugha ili ijulikane kama kweli ni Wabajuni. Mwaka 2010, katika kesi inayojulikana kwa herufi RB, mahakama ilipima ripoti ya kampuni ya Sprakab ya Sweden kuhusu usemi wa mtu aliyesema ni Mbajuni. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitaka kila ripoti ya namna hiyo ipimwe kwa ushahidi wake. Lakini fikiria mtu anayesema Chula na Chovai, na karatasi iliyo mezani imeandikwa Tula na Tovai. Kibajuni kina "ch" mahali pengi ambapo sisi tuna "t"; tatu kwao ni chachu. Anayeuliza mara moja atasikia kosa. Anayerudi na swali la pili atasikia lahaja.

Si kwamba orodha yangu haina hatari. Mzee si kazi ya kuwekewa alama ya tiki. Nikienda, kwanza ni hali, watoto, chai. Wakati mwingine swali halifunguliwi kabisa, na linabaki pale pale kwa jina lake.

Sasa hivi kwa jina la bibi kuna mambo matatu: majina ya waliokuwa chomboni, nani alibaki na funguo za nyumba, na kanda niliyoahidi kumpelekea mjukuu wake kabla ya kusi.