Kutoka Miezi Mitatu Hadi Saa Mbili: Historia ya Kipimo cha Kifua Kikuu Sugu

Kwa miongo mingi maabara zilikuwa na njia moja tu ya kujua kama bakteria ni sugu kwa dawa: kuwaotesha, kuwawekea dawa hiyo, kisha kungoja kuona kama watakua au watakufa. Kwa bakteria wengi njia hiyo inatosha. Wale wanaoleta maambukizi ya njia ya mkojo hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na utaratibu wa vidonge vya karatasi vilivyolowekwa dawa, uliosanifiwa na Alfred Bauer, William Kirby na wenzao mjini Seattle mwaka 1966, hutoa jibu kesho yake. Vimelea vya kifua kikuu ni wazito mno. Huchukua takriban saa 20 kugawanyika mara moja, na jibu ambalo kwa ugonjwa mwingine hupatikana kwa usiku mmoja, kwao lilichukua miezi. Uzito huo umegharimu maisha ya watu wengi, na ndio uliowasukuma wanasayansi kutafuta kipimo kisichongoja kitu chochote kiote.

Robert Koch alitangaza kwamba amevigundua vimelea hivyo mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Dawa ya kuviua ilichelewa hadi mwaka 1943, Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman kwenye Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, alipoipata streptomaisini kutoka kwa viumbe wadogo wa udongoni. Usugu haukukawia. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa 107: 55 walipewa streptomaisini pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 walipewa mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili, na matokeo hayo yalipochapishwa mwaka 1948 yalileta matumaini makubwa. Lakini wengi waliokuwa wameanza kupata nafuu walizidiwa tena, na maabara ikaonyesha kuwa vimelea vyao havikusikia dawa tena. Miaka mitano baadaye walikuwa wamefariki 32 kati ya wale 55, na 35 kati ya wale 52. Faida ya dawa ilikuwa imefutika karibu yote.

Chanzo chake kilieleweka mapema. Katika pafu lililoliwa na kifua kikuu mna mamilioni kwa mamilioni ya vimelea, na miongoni mwao wachache huwa wamekwisha kubadilika kijeni kwa bahati tu, kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza. Dawa moja huwaua wengine wote na kuwaachia hao wachache nafasi ya kuzaana. Tiba ikawa kuchanganya dawa, ili anayeiponyoka moja anaswe na nyingine. Isoniazidi ilipatikana mwaka 1952, na katika miaka ya 1960 ikaja rifampisini, iliyotokana na kazi ya maabara ya Lepetit mjini Milan. Afrika Mashariki ina sehemu yake katika hatua iliyofuata: majaribio yaliyofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, na ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, yalithibitisha kwamba mchanganyiko mzuri unaweza kuponya kwa miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Rifampisini ndiyo iliyokuja kuwa nguzo ya matibabu hayo mafupi. Tangu hapo swali zito kuliko yote ambalo daktari wa kifua kikuu angeweza kuiuliza maabara lilikuwa hili: je, vimelea vya mgonjwa huyu bado vinauawa na rifampisini?

Namna ya kulijibu iliwekwa na Georges Canetti na wenzake wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris mwaka 1963. Vimelea huoteshwa katika chupa mbili, moja yenye dawa na nyingine isiyo nayo. Ikiwa vilivyoota kwenye dawa vinafikia asilimia 1 ya vilivyoota pasipo dawa, mgonjwa ana ugonjwa sugu. Kanuni hiyo ilikuwa sahihi, na ikabaki kuwa kipimo cha kupimia vipimo vingine. Kasoro yake ilikuwa muda. Juu ya chakula cha mayai kinachotumika kuoteshea, vimelea huchukua wiki tatu hadi sita kuonekana kwa macho, na upimaji wa dawa huongeza wiki nyingine kadhaa. Isitoshe, kazi hiyo inahitaji maabara yenye hewa inayodhibitiwa, maana anayefungua chupa hizo anaweza kuambukizwa. Vifaa vya kisasa zaidi vya miaka ya 1980 na 1990, vinavyotumia chakula cha majimaji na mashine ya kufuatilia ukuaji, vilipunguza miezi kuwa wiki, ila bado vilingoja vimelea vikue.

Wakati huo vituo vingi vya afya barani Afrika vilikuwa na hadubini tu. Hadubini ni chombo cha thamani, lakini ili vimelea vionekane sharti viwe takriban 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi, na hata vikionekana, haiwezi kutofautisha vilivyo sugu na visivyo sugu. Mgonjwa mwenye ugonjwa sugu alianzishiwa dawa za kawaida, akasubiriwa, akashindwa kupona, ndipo makohozi yake yakapelekwa maabara kuu. Katika muda huo wote aliendelea kukohoa nyumbani kwake.

Madhara ya kuchelewa hivyo yalionekana wazi kijijini Tugela Ferry, katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2006 ilieleza habari za wagonjwa 53 waliokuwa na kifua kikuu kilichozishinda karibu dawa zote. Walifariki 52, na nusu yao hawakupita siku 16 tangu makohozi yao yachukuliwe. Majibu ya usugu kwa njia ya kuotesha yalikuwa yakifika wagonjwa wamekwisha kuzikwa. Wote waliopimwa VVU kati yao walikuwa na maambukizi, na kwa mtu ambaye kinga yake imeporomoka, wiki sita za kungoja ni nyingi mno.

Njia ya kuepuka kungoja ilikuwa imefunguka miaka 13 kabla. Mwaka 1993 Amalio Telenti na wenzake walionyesha kwamba usugu wa rifampisini hutokana na mabadiliko katika jeni moja, iitwayo rpoB, na kwamba takriban asilimia 95 ya mabadiliko hayo hukaa katika kipande chenye herufi 81 tu za kijeni. Hiyo ilikuwa bahati njema kwa tiba, kwani kwa isoniazidi mabadiliko yametawanyika katika jeni kadhaa. Hakukuwa tena na haja ya kuviuliza vimelea kwa kuviotesha. Ilitosha kusoma kipande hicho. Tena, kwa kuwa vimelea vingi visivyosikia rifampisini huwa havisikii isoniazidi pia, jibu la dawa moja lilidokeza hali ya dawa ya pili.

Chombo cha kukisomea kilitoka New York, ambako Sanjay Tyagi na Fred Kramer walieleza mwaka 1996 uzi mfupi wa kijeni uliojikunja, unaofunguka na kung'aa pale tu unapokutana na mpangilio wa herufi unaolingana nao. Nyuzi tano za namna hiyo zinatosha kufunika zile herufi 81. Uzi usipong'aa, au ukichelewa kung'aa, herufi zimebadilika, na dawa haitafanya kazi. Mashine ya kufanyia kazi hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Cepheid ya California, na teknolojia yake ilipata umaarufu kwa shughuli tofauti kabisa: baada ya barua zenye vimelea vya kimeta kusambazwa nchini Marekani mwaka 2001, iliwekwa katika vituo vya posta kuchunguza barua. Shirika la FIND la Geneva ndilo lililosimamia kuigeuza iwe ya kupima makohozi.

Kipimo hicho, GeneXpert, kina urahisi ambao maabara za kifua kikuu hazikuwahi kuwa nao. Makohozi huchanganywa na dawa inayoua vimelea, huachwa dakika 15, kisha humiminwa ndani ya katriji. Yanayobaki, yaani kuchuja, kuvunja vimelea, kuzidisha jeni na kusoma mwanga, hufanyika ndani ya katriji iliyofungwa. Jibu hutoka kabla ya saa mbili kupita. Utafiti uliochapishwa Septemba 2010, uliohusisha wagonjwa 1,730 wa Peru, Azerbaijan, Afrika Kusini na India, uligundua usugu wa rifampisini kwa wagonjwa 200 kati ya 205 waliokuwa nao. Desemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakiidhinisha, na utafiti uliofuata ukajumuisha Kampala.

Mapungufu yake nayo yalijitokeza. Mashine inataka umeme wa uhakika, na joto na vumbi huiharibu. Bei ya katriji ilikuwa karibu dola 17 hadi iliposhushwa kufikia dola 9.98 mwaka 2012. Zito zaidi, kipimo husoma pale tu kilipoelekezwa kusoma. Nchini Eswatini uchunguzi ulionyesha kwamba asilimia 30 ya vimelea sugu vilibeba badiliko lililo nje ya zile herufi 81. Mashine iliwaona wagonjwa hao kuwa hawana usugu wa rifampisini. Njia ya zamani ya Canetti haikudanganyika. Hii ndiyo sababu maabara kuu zinazootesha vimelea hazipaswi kufungwa kwa kuwa tu mashine za haraka zimefika.

Toleo jipya lililopendekezwa mwaka 2017 hutambua vimelea wachache kiasi cha 16 katika mililita moja, na mwaka 2021 ikaongezwa katriji ya kupima usugu wa dawa nyingine, ikiwemo isoniazidi. Matibabu yamefuata mkondo huo: wagonjwa wa ugonjwa sugu, waliokuwa wakidungwa sindano zilizowaacha wengine viziwi katika tiba ya miezi 18 au zaidi, tangu mwaka 2022 wengi wao wanaweza kutibiwa kwa vidonge kwa miezi sita.

Kinachobaki ni kuvifikisha vipimo kwa wagonjwa. Mwaka 2023 watu milioni 8.2 duniani waligunduliwa kuwa na kifua kikuu, na waliopimwa kwanza kwa kipimo cha haraka walikuwa asilimia 48. Kati ya watu wapatao 400,000 waliougua aina iliyo sugu mwaka huo, walioanzishiwa matibabu stahiki hawakufika nusu. Hilo ni deni la serikali na wafadhili, kwa kuwa sayansi imekwisha kutoa kilichohitajika.