Nani Alilipia Mwambao?

Uchaguzi ukikaribia, maskani yetu hapa Mombasa hurudi kwenye ubishi uleule. Mmoja atasema Pwani tungejitawala tungekuwa Dubai, maana bandari ni yetu. Mwingine atamjibu kwamba ukiondoa pesa zinazotoka Nairobi, kaunti zetu hazitaweza kulipa hata mishahara ya manesi. Kahawa huisha, kashata huisha, na mshindi hapatikani. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa timu Dubai. Siku hizi nasikiliza zaidi kuliko ninavyosema, na kilichoninyamazisha ni historia.

Ubishi huu una umri kuliko vijana wote pale barazani. Mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni, Uingereza na Sultani wa Zanzibar walimteua Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, aje kuchunguza hatima ya Mwambao. Huo ulikuwa ukanda wa maili 10 kutoka Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu. Kisheria haukuwa sehemu ya koloni la Kenya. Ulikuwa wa Sultani, na Mwingereza alikuwa mpangaji tu. Ndiyo sababu bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus miaka yote ile.

Kulikuwa na watu, hasa Waarabu na Waswahili wengi wa mjini, waliotaka Mwambao ujisimamie. Wengine, wakiwemo Wamijikenda wengi, hawakutaka kusikia habari ya Sultani tena. Robertson alizunguka, akasikiliza, kisha akapendekeza mkataba uvunjwe na Mwambao uunganishwe na Kenya. Hoja iliyokuwa na uzito ni bandari: Kenya na Uganda haziwezi kuacha mlango wao wa bahari uwe mikononi mwa kijinchi kingine. Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa sahihi, biashara ikaisha.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilifurahi sana. Kumbe hatukukataliwa kwa sababu tu masikini! Tulikataliwa kwa sababu tulikuwa na kitu ambacho wenzetu hawangeweza kukiachia. Halafu nikaanza kufuata pesa, na hapo ndipo Dubai yangu ikaanza kuvuja.

Tuanze na kodi yenyewe. Kampuni ya Waingereza iliyokodishwa ukanda huu mwaka 1888 ilifilisika. Ili iondoke mwaka 1895, ililipwa pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilikuwa pesa za Zanzibar, zilezile ambazo Wajerumani walimlipa Sultani kwa pwani ya Tanganyika. Yaani Sultani aliuza pwani moja, na pesa zikatumika kumtoa mpangaji wa pwani ya pili ili aingie mpangaji mwingine. Tangu hapo Mwingereza alilipa pauni 11,000 za kodi kwa mwaka, na 6,000 za riba ya zile laki mbili. Jumla 17,000, na zilikwenda Unguja, si Lamu wala Malindi.

Sasa ukisema "tulikodishwa kwa bei ya njugu," uko sawa. Lakini geuza ukurasa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901 iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, na aliyelipa ni mlipakodi wa Uingereza. Himaya nzima ya Afrika Mashariki, bara na pwani, iliishi kwa ruzuku ya London kwa zaidi ya miaka kumi. Gati za maji marefu zilipojengwa Kilindini miaka ya 1920, zilijengwa kwa sababu kulikuwa na pamba ya Uganda na kahawa ya bara ya kupakia. Bila mizigo ya wengine, bandari yetu ni ghuba nzuri ya kuvulia samaki.

Ami yangu hakubali. Yeye husema kabla ya Mzungu hatukuomba mtu: Malindi ilijaza majahazi mtama na ufuta hadi Arabuni. Hilo ni kweli. Malindi ilikuwa magofu mpaka miaka ya 1860, Sultan Majid alipoifufua, na baada ya miongo miwili tu ilikuwa ghala la nafaka la pwani hii. Lakini mashamba yale yalilimwa na watumwa. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1907, mashamba mengi yalidorora, maana hesabu yake haikuwahi kuwa na safu ya mishahara. Serikali ikagawa hati za ardhi: sheria ya mwaka 1908 iliwapa hati wale waliojulikana kuwa wenye mashamba, na wengi waliolima, pamoja na Wamijikenda waliokuwa na madai yao ya kale, wakageuka maskwota. Wajukuu wao bado wanasubiri.

Kwa hiyo nikisikia "tulijitegemea," nauliza: nani alikuwa akilima?

Na nikisikia "tunabebwa na Nairobi," vilevile siachi hivihivi. Katiba ya 2010 inazipa kaunti zote kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na tunaambiwa huo ni msaada. Ushuru wa forodha unaokusanywa Kilindini, kwa mujibu wa katiba hiyohiyo, ni wa serikali kuu. Unaingia Nairobi ukiitwa mapato ya taifa, unarudi ukiitwa mgao. Ajabu ni kwamba Jedwali la Nne linataja bandari miongoni mwa kazi za kaunti, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Mawakili wameshagombania sentensi hiyo mahakamani.

Mwaka 2019 tuliona maana yake kwa macho. Amri ilipotoka kwamba makontena yapande treni hadi Nairobi, madereva na makuli waliandamana hapa mjini, na vibanda vya chakula vya barabara ya Miritini vikakosa wateja. Mwaka 2022 rais mpya akarudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Mara zote mbili uamuzi ulitoka mahali pamoja.

Wiki iliyopita nilipendekeza pale maskani tuchukue karatasi, tuandike nani ametoa nini tangu 1895, gati, reli, ardhi na jasho, badala ya kupiga kelele. Walikubali. Ami alisema ataleta kalamu, lakini Malindi yake tusiiguse.