Ramani za Uwanda wa Makonde na Majina ya Wenyeji

Mtu asimamaye pembeni mwa mji wa Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huiona ardhi ikikatika ghafla mbele ya miguu yake na kuteremka hadi bonde la mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto huiona nchi ya Msumbiji. Nyuma yake uwanda wa juu wa Makonde waelekea mashariki, ukiinama polepole mpaka karibu na bahari. Na upande wa magharibi, huko Masasi, vilima vya mawe matupu vimechomoza katika nchi tambarare. Mandhari hiyo imetiwa katika ramani nyingi kwa muda wa zaidi ya miaka 140. Katika insha hii twataka kuuliza: ramani hizo zilichorwa na nani, kwa haja gani, na ni mambo gani yaliyoachwa nje? Swali hili si la wataalamu wa jiografia peke yao. Ni swali la utamaduni, kwa kuwa jina la mahali ni historia iliyofupishwa katika neno moja.

Yafaa tuanze na ramani ambayo haikuandikwa. Wamakonde wa uwandani waliishi kwa koo zifuatazo upande wa mama. Kila eneo la ardhi, lililoitwa chirambo, lilikuwa na kiongozi wake, mkulungwa, ambaye wazee wake ndio waliotangulia kufyeka kichaka cha mahali hapo. Kijana aliijua mipaka kwa kutembea na wakubwa wake, akionyeshwa vijia, miti na makaburi. Tena, juu ya uwanda hakuna mito. Udongo wa kichanga huinyonya mvua, na maji hutokeza chini, katika miteremko na mabonde. Kwa hiyo kujua ni chemchemi ipi isiyokauka wakati wa kiangazi lilikuwa jambo la uhai. Wanawake, ambao kila siku waliteremka na kupanda na vyombo vya maji kichwani, ndio waliokuwa mabingwa wa ramani hiyo. Majina yao hayakupata kuandikwa pembeni mwa ramani yoyote.

Wageni waliofika kutoka Ulaya katika karne ya 19 walikuwa na haja zao. David Livingstone aliufuata mto Ruvuma mwaka 1866. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza ya Unguja aliwaweka Masasi watu waliokombolewa utumwani, na mmoja wa mapadri wa misheni hiyo, Chauncy Maples, akachapisha mwaka 1880 maelezo juu ya Masasi na nchi ya Ruvuma katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Mwaka uliofuata Joseph Thomson alipita bonde la Ruvuma akimtafutia Sultani Barghash wa Unguja makaa ya mawe. Mmoja alitafuta njia, wa pili waumini, wa tatu mali. Lakini wote walikuwa na jambo moja la shirika: hakuna aliyejiongoza. Wenyeji waliwaonyesha njia, wakawatajia majina ya vilima na vijito, nao wageni wakayaandika jinsi masikio yao yalivyoyasikia. Ndiyo maana twakuta mto mmoja ukiandikwa Rovuma hapa na Ruvuma pale, na Masasi ikiwa Massassi katika vitabu vya Wajerumani.

Mwaka 1906 alifika Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig. Machafuko yalikuwa yamemzuia kwenda sehemu za kaskazini alizokusudia, akaelekezwa kusini, akakaa Masasi na Newala. Weule alikuja na macho ya mtawala, na yapo mengi katika kitabu chake cha mwaka 1908 ambayo hatuwezi kuyakubali. Hata hivyo alifanya jambo moja la maana: aliwapa karatasi na kalamu watu wa msafara wake, miongoni mwao mnyapara wa wachukuzi, Mnyamwezi aliyeitwa Pesa Mbili, wamchoree. Katika michoro waliyompa imo ramani ya njia kuu ya misafara pamoja na vituo vyake. Ramani ya namna hiyo haina kipimo cha maili. Hupanga vituo kwa kufuatana, kama miguu ya mchukuzi ivijuavyo. Asemaye kwamba Mwafrika hakuwa na ujuzi wa ramani, na autazame mchoro huo kwanza.

Zama za Waingereza zilileta vipimo vilivyo sahihi zaidi. Mhandisi Clement Gillman, aliyekuwako nchini tangu utawala wa Wajerumani, alitoa mwaka 1936 ramani ya watu wa Tanganyika, na mwaka 1945 akaandika juu ya kilimo cha Wamakonde cha kufyeka kichaka na kukiacha kipumzike. Huyu alikuwa mtu wa kutembea na kutazama. Lakini mara tu baada yake tuliona kinyume chake. Mwaka 1946 wataalamu watatu waliizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari wakiwa ndani ya ndege, wakapendekeza Mpango wa Karanga. Nachingwea, kaskazini ya Masasi, ilichaguliwa kuwa mojawapo ya sehemu za mpango huo. Mvua na udongo havikufuata hesabu za karatasini. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960, ingawa katika ramani za zamani ingali imechorwa kwa mstari mweusi. Hapa mwanafunzi apate funzo: ramani huweza kusema kweli leo, ikasema uongo kesho.

Baada ya Uhuru tulianza kuchora kwa haja zetu wenyewe. Mwaka 1967 ofisi ya uchunguzi wa rasilimali na mipango ya ardhi iliundwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo mwaka 1983 ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Kuhusu maji ya uwandani, kazi ya kuyasukuma kwa mitambo kutoka bondeni hadi juu ilikuwa imeanza katika miaka ya 1950; na mwaka 1977, kwa msaada wa Finland, ulikamilika mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi. Lakini miaka hiyohiyo ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vikubwa. Mahame yakabaki porini pamoja na mikorosho, na mwendo wa kutoka nyumbani hadi shambani ukawa mrefu. Korosho za nchi nzima, zilizofikia takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, zilishuka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Ugonjwa wa ubwiriunga na bei duni vilichangia, lakini umbali wa mashamba nao ulichangia. Majina ya mahame yale hayamo katika ramani mpya. Yamo vinywani mwa wazee, nao wanapungua mwaka hata mwaka.

Sasa tuingie maktabani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya hazina za Afrika Mashariki, ambamo maandiko na nyaraka za nchi yetu hutunzwa. Na tangu mwaka 2018 chuo kina jengo jipya la maktaba, kubwa na la kisasa. Maktaba ya leo haitunzi karatasi tu. Hutunza pia data za kijiografia, yaani habari zilizofungwa na mahali pake kwa latitudo na longitudo, nazo husomwa kwa programu za kompyuta. Programu mojawapo, QGIS, ilianza mwaka 2002 na hutolewa bila malipo. Picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, nazo zimekuwa bure kwa kila mtu tangu mwaka 2008.

Kazi ya programu hizo si uchawi. Tuchukue ramani ya zamani ya Newala. Tunaipiga picha, kisha tunachagua alama zisizohama, kama vile ncha ya kilima au njia panda, na kuiambia kompyuta kila alama iko wapi duniani. Ramani ile hukaa mahali pake. Juu yake twaweza kuweka picha ya setilaiti ya mwaka huu, kisha visima, kisha mipaka ya vijiji, kama karatasi za kunakilia zilizopangwa moja juu ya nyingine. Papo hapo twaona ni kichaka gani kimefyekwa na ni hame gani limerudi kuwa msitu. Vijana wetu wameonyesha kwamba wanaiweza kazi hii. Katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu walishirikiana na wananchi wa mitaa kuchora mifereji na nyumba katika sehemu zenye mafuriko. Mwanafunzi alishika chombo, mkazi wa mtaa akasema maji hupita wapi.

Twaamini kwamba Masasi na Newala nazo zastahili kazi ya namna hiyo. Mwaka 2022, kwa ajili ya anwani za makazi, barabara na mitaa ya nchi nzima ilipewa majina. Jina likibandikwa pasipo kumwuliza mzee, la zamani hufa bila mazishi. Tena jambo hili si la kumbukumbu tu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kijiji hupata cheti cha ardhi yake kwa mipaka inayojulikana, na mwanakijiji hupata hati ya hakimiliki ya kimila. Anayejua hame la bibi yake liko wapi, na mkorosho wa mpakani uliitwaje, ana jambo la kusema katika baraza. Asiyejua hukubali mstari wowote atakaochorewa.

Hata hivyo hatuna budi kuwa na hadhari. Si kila analolijua mzee ni la kuanikwa. Yapo makaburi na mahali pa matambiko ambapo wenyewe hawapendi pajulikane na kila mpita njia, na zipo ardhi ambazo zikionekana wazi mno huwavutia wenye tamaa. Kwa hiyo kuomba ruhusa ni sehemu ya uchunguzi, na ramani ikishakamilika, nakala yake na irudi kijijini kwa Kiswahili.

Kwa walimu wa sekondari twapendekeza mwanzo mdogo. Somo la usomaji wa ramani lisiishie kwenye mifano ya vitabuni. Wanafunzi wachukue ramani ya sehemu yao, waende kwa wazee wa kike na wa kiume, waulize majina ya chemchemi, vilima na mahame, na asili ya kila jina. Waandike kama lilivyotamkwa. Kompyuta ikipatikana, kazi hiyo iingizwe humo. Isipopatikana, daftari litoshe kwa sasa. Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Setilaiti huuona uwanda wote wa Makonde kwa mara moja, na bado haiwezi kutuambia chemchemi iliyo chini ya mteremko yaitwaje. Bibi aliyeteremka kuichota maji tangu utoto wake aweza. Tumwulize angali hai.