Hamali wa chuma juu ya mlango wa gereji

Kwa wengi wetu gereji ni kwa fundi: boneti iko wazi, oili imetapakaa, kijana amelala chali chini ya gari. Marekani neno hilohilo, lenye asili ya Kifaransa, ni chumba cha gari kilichoungana na nyumba. Ndugu zetu waliohamia Ohio, Minnesota au Texas huizoea maana hiyo upesi. Baadhi yao huja kuizoea vingine alfajiri ya baridi kali, mlio kama wa bunduki unaposhtua nyumba nzima. Mwizi hayupo. Juu ya mlango wa gereji springi nene imekatika vipande viwili, na mlango ulioinuliwa jana kwa mkono mmoja, leo wanaume wawili wanahema nao.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mlango huo haukuwa mwepesi hata siku moja. Ule wa kupitisha magari mawili huweza kuzidi kilo 70. Springi ilikuwa ikiubeba kimya, na aliyebebewa akadhani ni usufi. Historia ya hamali huyu ina miaka mia moja na ushei tu, lakini inastahili kusimuliwa, kwani asiyeijua ndiye anayeumia siku ya kumbadilisha.

Nyumba za farasi

Magari ya mwanzo yalirithi nyumba za farasi. Wenye uwezo waliyaingiza kwenye mabanda ya magari ya kukokotwa, yenye milango miwili ya mbao iliyofunguka kwa nje kama ya ghala. Mbao zilikuwa nzito, bawaba zikalegea, kingo zikaburuta ardhini. Theluji ikianguka usiku, mwenye gari aliamkia sepetu kabla ya usukani. Milango ya kuteleza pembeni nayo ilitaka ukuta mrefu wa kuipokea. Tabu hiyo ilikuwa ya wachache mpaka Ford ilipoleta Model T mwaka 1908. Hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1927, zaidi ya magari milioni 15 ya aina hiyo yalikuwa yametoka kiwandani, na tabu ya mlango ikawa ya kila mtaa.

Mwaka 1921 C. G. Johnson alikuja na mlango unaopanda juu. Aliugawa katika vipande virefu vya kulala vilivyoungwa kwa bawaba, kila kipande na magurudumu madogo yanayopita ndani ya reli. Ukiuvuta hupanda wima, hukata kona, kisha hulala chini ya dari. Haudai nafasi nje wala pembeni. Johnson alipakia mfano mdogo wa mlango huo nyuma ya Model T, akazunguka nchi akitafuta wa kuuuza. Kampuni yake, Overhead Door, ikaweka makao Hartford City, katika jimbo la Indiana.

Amana ndani ya chuma

Lakini mlango wa kupanda hutaka wa kuupandisha, na hapo springi ikaitwa kazini. Elimu yake ilikuwa ya zamani. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni kwamba springi hunyumbuka kwa kiasi cha nguvu inayoivuta: nguvu ikizidi mara mbili, mnyumbuko nao huzidi mara mbili. Wazee wetu wa pwani waliijua springi ya saa kwa jina la kamani. Ukiitia saa ufunguo, nguvu ya vidole vyako hukaa ndani ya utepe wa chuma, ikatolewa kidogo kidogo. Hata santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, zilisikika kwenye gramafoni za kuzungushwa kwa mkono, na aliyezizungusha ndani ni kamani.

Gereji iliichukua hekima hiyo na kuikuza. Springi ya kusokota huvishwa kwenye shafti iliyolala juu ya mlango. Kila mwisho wa shafti pana roda, na kutoka kwenye roda kamba ya chuma huteremka hadi ukingo wa chini wa mlango. Mlango ukishuka, uzito wake huvuta kamba, kamba huzungusha shafti, shafti huisokota springi. Uzito umewekwa amana. Mlango ukifunguliwa, amana hurudishwa. Na hesabu yake ni nzuri ajabu: kadiri vipande vinavyoingia kwenye reli ya dari, uzito unaoning'inia hupungua, na springi inayofunguka hupungua nguvu kwa kadiri hiyohiyo. Ndiyo maana mlango uliopimwa vyema hutulia hata ukiachiwa nusu ya njia.

Milango mingine ina springi za kuvuta, zinazotanuka kando ya reli kama mpira wa manati. Ikikatika moja, kipande huruka kama jiwe la manati hiyo. Kwa sababu hiyo kamba ya usalama hupitishwa katikati yake na kufungwa pande zote mbili.

Kitufe kikasahaulisha

Mwaka 1926 Johnson aliongeza mota ya umeme. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia nyingi zilihamia vitongoji ambako bila gari hufiki popote, na mlango wa gereji ukawa ndio wa kutokea na kuingilia. Watu wakabonyeza kitufe, wakaamini mota ndiyo inayonyanyua. Mota huongoza tu. Springi ikikatika, mota hung'ang'ania mzigo usio wake hadi iharibike. Milango ya mota pia iliua watoto walionaswa chini yake, na sheria ya Marekani ikaagiza mota za nyumbani zinazotengenezwa kuanzia mwaka 1993 ziwe na kinga ya ziada, kama jicho la mwanga linaloona kilicho njiani na kuurudisha mlango juu.

Kwa nini chuma kilichobeba mzigo uleule miaka yote kikatike siku moja? Karne ya 19 mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alichunguza ekseli za mabehewa na kuonyesha kwamba chuma huchoka: mzigo kinaoumudu mara moja hukivunja ukirudiwa maelfu ya mara. Springi ya kawaida ya gereji hutengenezwa kwa mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga. Kwa mizunguko minne kwa siku, hiyo ni miaka saba hivi. Baridi kali hukimalizia chuma kilichokwisha kuchoka.

Robo kwa robo

Wamarekani wanapenda kujitengenezea wenyewe, na maduka ya vifaa huwauzia springi za kuvuta zenye alama ya rangi inayotaja uzito wa mlango. Ya kusokota inataka vipimo: pima urefu wa mizingo 20 na ugawe kwa 20 upate unene wa waya, kisha upana wa ndani, urefu wa springi nzima na upande iliposokotwa. Zikiwa mbili hubadilishwa zote, kwa kuwa umri wao ni mmoja. Umeme wa mota huchomolewa, mlango hubanwa kwenye reli, na kazi hufanywa kwa nondo mbili zinazoingia barabara kwenye matundu ya kichwa cha springi. Bisibisi isikaribie hapo. Ikichomoka, springi huigeuza kuwa rungu. Asiyefunzwa namsihi aite fundi. Gharama ya fundi haifanani na ya mkono uliovunjika.

Mlango wa urefu wa mita 2.1 huhitaji robo 30 hivi za mzunguko. Nondo moja inashika, nyingine inasogeza, wala hazitoki zote kwa pamoja. Robo za kwanza ni mchezo. Mtazame fundi akifika ya ishirini na tano: miguu imetanuliwa, uso ameutenga mbali na springi, hasemi na mtu. Mzigo ambao nyumba nzima haijauhisi kwa miaka saba uko mikononi mwake, robo kwa robo, mpaka akaze skrubu ya mwisho na kumkabidhi hamali mpya.