Pombe Inayokimbia Haizeeki

Nilikuwa nimekwisha kupita umri wa miaka hamsini nilipoionja ramu ya kweli kwa mara ya kwanza. Rafiki yangu mmoja, aliyefanya kazi ya ufundi melini kwa miaka mingi katika bahari za mbali, alirudi Kigoma kustaafu, akaja na chupa moja iliyoandikwa kwamba kilichomo kilikaa ndani ya pipa miaka 12. Tulikaa barazani kwake magharibi, ziwa likiwa limetulia, na taa za wavuvi wa dagaa zikianza kuonekana mojamoja upande wa Kibirizi. Alinimiminia kidogo sana, kiasi cha vidole viwili. Mimi, kwa mazoea ya kwetu, nikaibeba bilauri ili niimalize kwa funda moja. Akanishika mkono. "Mzee mwenzangu," akaniambia, "hii imekungoja miaka kumi na miwili. Nawe ingoje dakika kumi."

Maneno yale yalinichoma kuliko alivyokusudia, kwa sababu yalinikumbusha mjomba wangu. Habari zake nitazieleza mbele. Kwanza naomba msomaji anifuate kidogo katika historia, maana pwani hii ya Tanganyika ina historia yake ya vinywaji, na bila hiyo sitaeleweka.

Najua pia kwamba Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zamani, na wengi watakaosoma ukurasa huu hawajapata kugusa pombe wala hawatagusa. Hao nawaheshimu, na wengine ni ndugu zangu wa damu. Simwiti mtu anywe. Nasimulia nilichojifunza.

Kinywaji cha asili cha kwetu ni kile kisichongoja. Tembo la mchikichi likigemwa alfajiri huwa tamu, adhuhuri huwa kali, na kesho yake huwa siki. Pombe ya ndizi nayo ina siku zake chache. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 tembo hilo lilikuwapo, na Burton aliandika habari zake. Kinywaji cha namna hiyo hunywewa na watu wengi pamoja, siku hiyo hiyo, kisha kazi huendelea. Hakina haja ya kuzeeka, na hakuna aliyekilaumu kwa hilo.

Vinywaji vya chupa vilikuja kwa mabega ya wapagazi. Stanley alipomkuta Livingstone hapo Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, alikuwa na chupa ya shampeni aliyoitunza kwa safari ya zaidi ya miezi 7 kutoka Bagamoyo. Alimwagiza kijana wake Selim ailete pamoja na vikombe vya fedha, wakatakiana afya. Nimesimama mara nyingi pale penye ukumbusho wao nikiwaza juu ya chupa ile. Ilivuka mbuga, mito na vita vya Mirambo bila kupasuka, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeona kwamba inastahili kungojewa.

Ramu yenyewe haikuanzia huku. Ilianza katika visiwa vya Karibi katika karne ya 17, Barbados ikiwa miongoni mwa vya kwanza. Sukari ikishapikwa na kutolewa, hubaki uji mzito mweusi ambao viwandani huitwa molasi. Uji huo huchanganywa na maji, huachwa uchachuke, kisha hupikwa, na mvuke wake hupozwa ukawa pombe kali nyeupe kama maji. Hadi hapo, msomaji, hakuna tofauti kubwa na gongo letu. Mtungi, moto, mrija na maji baridi: elimu ni ile ile.

Tofauti huja baadaye. Pombe ile hutiwa katika mapipa ya mti wa mwaloni, mara nyingi mapipa yaliyokwisha kuchomwa moto kwa ndani, nayo huachwa ghalani kwa miaka. Mti huipa rangi ya kahawia na harufu ya vanila na matunda makavu, na hewa inayopenya polepole hupunguza ukali wake. Katika nchi za joto pipa hupoteza sehemu kubwa kila mwaka kwa mvuke, kuliko linavyopoteza kule Uskochi kwenye baridi. Mwenye pipa hukubali hasara hiyo. Anajua kwamba kitakachobaki kitakuwa bora.

Sasa tazama sheria. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels kuzungumza juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Katika mkataba huo huo waliingiza sura ya pombe kali. Eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, ambamo Kigoma imo, liliwekewa masharti: mahali ambapo matumizi ya pombe kali hayakuwapo au hayakuenea, pasiingizwe wala pasitengenezwe. Mwaka 1919, huko Saint-Germain nchini Ufaransa, wakakaza zaidi, wakazuia utengenezaji wa pombe za kupikwa katika makoloni haya. Mzungu aliweza kupata chupa yake kwa kulipa ushuru. Katika Tanganyika Mwafrika alizuiwa kununua pombe kali hadi miaka ya 1950.

Kati ya mikataba hiyo miwili, Uingereza ilitunga sheria nyingine kwa ajili ya watu wake. Ilikuwa mwaka 1915, mwaka ule ule ambao Wajerumani waliishusha majini hapa Kigoma meli yao Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kama Liemba. Waingereza walihofu kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanalewa mno kwa wiski changa. Hawakuipiga marufuku. Waliamuru ikae ghalani kwanza miaka 2, kisha 3, kabla ya kuuzwa. Shabaha ilikuwa kupunguza ulevi. Matunda yake ni kwamba kinywaji chao kilipata sifa duniani kote. Wao pombe yao iliamriwa ingoje. Yetu iliamriwa isiwepo, na kwa kuwa haikukubali kutokuwepo, ilijificha.

Baada ya uhuru mambo hayakubadilika sana. Sheria ya mwaka 1966 ililiita gongo kwa jina la moshi, ikalifanya jambo la leseni, na anayepika bila leseni ni mkosaji. Mpishi wa porini hakuwa na leseni wala hakujua pa kuiombea.

Hapa ndipo namrudia mjomba wangu. Alikuwa fundi seremala, mkono wake mwepesi, milango yake ipo Mwanga hadi leo. Alikunywa kwenye kichaka kando ya kijito, ambako gongo lilipikwa usiku. Niliwahi kumfuata nikiwa mtoto, nimetumwa na mama nikamwite. Niliona jinsi walivyokunywa. Muuzaji alimimina katika chupa ya soda, akasimama pembeni akitazama njia, akihimiza, "Maliza, mjomba, nipe chupa yangu, askari wasije." Mjomba akaimaliza kwa pumzi moja, akafumba macho kama mtu aliyemeza dawa. Hakuna aliyeuliza lilipikwa lini, kwa kitu gani, wala kama mpishi aliyamwaga yale matone ya kwanza ambayo ni sumu.

Asubuhi moja, miaka kadhaa baadaye, aliamka akauliza kwa nini hakujakucha. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Siku ya tatu tukamzika. Nyumbani tulisema ni kazi ya Mungu, na wengine wakasema ni watu. Nilisoma baadaye habari za Nairobi, Novemba 2000, ambako zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe haramu iliyokuwa na methanoli. Nikanyamaza kwa muda mrefu.

Kwa hiyo pale barazani, bilauri ikiwa mkononi, nilifanya kama nilivyoagizwa. Niliinusa bila kuingiza pua ndani, kwa maana ukali wake huziba harufu. Nikalowesha ulimi tu. Kwanza moto, kisha kitu kama sukari guru iliyoungua, kisha mti, naam, ubao wenyewe, kama karakana ya mjomba siku ya randa. Sikutazamia hilo. Niliiweka bilauri chini. Rafiki yangu akadhani sikuipenda.

Nilichoelewa jioni ile ni hiki: ubora ni muda, na muda ni haki ya yule asiyefukuzwa. Kinywaji hakiwezi kukaa miaka 12 mahali ambapo mwenyewe hana hakika ya wiki ijayo. Pipa linataka ghala, ghala linataka kufuli, na kufuli linataka sheria inayomtambua mwenye ufunguo. Pombe inayokimbia haizeeki, na anayeinywa naye mara nyingi hazeeki.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, ilitaka wapishi wa enguli waiuzie serikali, ikasafishwa tena kiwandani, ndipo ikatoka waragi ya chupa. Kenya iliruhusu chang'aa kwa masharti mwaka 2010. Sisi tuna Konyagi tangu miaka ya 1970, na msingi wake ni spiriti itokanayo na molasi. Basi ni binamu wa ramu, ila ni nyeupe, haikulazwa pipani. Miwa tunayo, na molasi tunayo. Hatukupungukiwa na kitu ila ile miaka.

Lakini nisiipambe ramu kupita kiasi. Miwa ya Karibi ililimwa na watumwa, na ramu yenyewe ilitumika kununulia watu katika pwani ya Afrika Magharibi. Upande wetu, mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Mauritius na Réunion. Na barabara inayotoka Ujiji, yenye miembe, ilipitiwa na waliofungwa minyororo kuelekea Tabora na pwani. Aliyekunywa kwa utulivu mara nyingi alikaa mbali na aliyevuna.

Rafiki yangu naye ametangulia mbele ya haki. Chupa aliniachia, imebaki robo. Kila mwaka, siku niijuayo mimi, najimiminia vidole viwili, naiacha bilauri mezani dakika kumi, nikilitazama ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Dakika zile ni za mjomba. Yeye hakupewa hata moja.