Jicho Kabla ya Kidole

Mwaka juzi mpwa wangu alipanda kutoka bondeni kuja kunisalimu hapa Shighatini. Tulipomaliza kula alitoa karatasi mbili na kuniwekea mezani. "Shikamoo yangu ina ombi ndani yake, Mjomba," alisema. Ana bunduki yenye leseni, huwinda kwa kibali, na siku nyingine hupenda kulenga shabaha ya karatasi. Alikuwa amejiwekea fedha za kununua darubini ya kufunga juu ya bunduki. Si ya bei ya chini, wala si ya kitajiri. Ya kwanza ilikuza mara 3 hadi 9, ya pili mara 6 hadi 24. Alitaka mwalimu mstaafu amfanyie hesabu. Nilimwomba usiku mmoja wa kufikiri, wala sikumwambia sababu.

Ndugu msomaji, milima hii ilijua silaha kabla ya bunduki. Ugweno ilikuwa nchi ya wahunzi. Ukoo wa Washana ulisifika kwa kufua majembe, mikuki na vichwa vya mishale. Mwenye mshale hana budi kumsogelea mnyama, na anayemsogelea humjua vizuri kabla ya kumpiga. Misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyopita bonde la Pangani ilileta bunduki, na gobore likapanda milimani. Kisha mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliozuia bunduki za kisasa zisiingizwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Ndiyo maana babu zetu walibaki na gobore: baruti hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, moshi hutanda, na mpigaji hukaa akingoja upungue ndipo ajue amempiga nani.

Vita Kuu ya Kwanza ilitufundisha somo jingine. Askari wengi wa Wajerumani walianza vita wakiwa na bunduki ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kwa kufuata reli ya Tanga na mto Pangani, na safu nyingine ikapita pengo la Ngulu, kati ya Upare wa Kaskazini na wa Kusini. Januari 4, 1917, huko Beho Beho karibu na Rufiji, mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 65. Alikuwa amewinda Afrika tangu ujana wake, lakini siku hiyo yeye ndiye aliyeonekana kwanza. Pori lililopewa jina lake lilimegwa mwaka 2019, na sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Lakini usiku ule sikumwaza Selous. Nilimwaza baba yangu.

Ilikuwa mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru. Nguruwe mwitu walikuwa wamemaliza mahindi yetu, na baba alikaa kwenye dungu na gobore lake. Jua lilikwisha kuzama. Akasikia mahindi yakivunjika, akaona kitu cheusi kimeinama, akafyatua. Sauti iliyotoka ndani ya moshi haikuwa ya nguruwe. Alikuwa mwenzangu wa darasani, aliyeingia shambani kumtafuta mbuzi wao aliyepotea. Alipona, lakini goroli zilimharibu paja, na mpaka leo anachechemea. Baba alitoa fidia kama wazee walivyoamua, akalisalimisha gobore lile, na mpaka anakufa hakutaka kulitaja. Nami nilikaa na mwenzangu yule dawati moja miaka mitatu zaidi, nikimbebea mfuko wake wa vitabu kila tulipopanda mlima, bila yeye kuniomba.

Asubuhi nilimwita mpwa wangu, tukafanya hesabu. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa idadi ya ukuzaji: jibu ni upana wa mwanga unaofika jichoni. Kioo cha milimita 40 kikikuza mara 4 hutoa milimita 10. Kikikuza mara 9 hutoa 4 na kidogo. Mboni ya kijana gizani hufunguka kama milimita 7, ya mzee kama mimi hupungua hata 5. Basi saa za jioni, kukuza mno ni kujitia giza. Ukuzaji mkubwa pia hubana upana wa unachokiona na kutikisa picha kwa kila pumzi. Mlenga karatasi, aliyelala chini mchana kweupe, hufaidika nao. Mwindaji anayesimama porini hupotezewa mnyama.

Nikamwambia pia kuhusu vifundo vya kurekebishia. Nyingi husogeza shabaha robo ya dakika kwa kila mlio, yaani kama milimita 7 katika mita 100. Ukishaifunga, piga risasi moja, kisha sogeza milio 20 kulia, 20 juu, 20 kushoto, 20 chini, ukipiga kila kona. Risasi ya mwisho isiporudi karibu na ya kwanza, darubini hiyo inakudanganya, hata ikiwa na kioo cha namna gani. Jicho likae mbali nayo kama sentimita 9, isije ikakupasua nyusi bunduki inaporudi nyuma. Na usimalize fedha zote kwenye kioo. Vishikizo dhaifu huharibu kazi ya darubini nzuri.

"Basi ni ile ya 3 hadi 9," alisema.

"Ndiyo. Na fedha zinazobaki ununue darubini ya mkononi."

Alishangaa. Hapo ndipo nilipomsimulia habari ya mwaka 1961, niliyokuwa sijamsimulia mtoto yeyote wa ukoo wetu. Nilimweleza kwamba hata kama baba angekuwa na darubini bora ya Ujerumani juu ya gobore lile, angeanza kwa kumwelekezea mtoto mtutu ndipo atazame. Darubini ya bunduki ni ya kulengea tu. Kitu usichokijua hutazamwa kwa chombo kisichoweza kuua. Na giza likiingia, mwindaji hurudi nyumbani. Mahindi hupandwa tena.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama mzee yule bado yuko hai. Nilimwambia nyumba yake iko njiani, pale barabara inapoanza kuteremka. Alipoondoka nilimtazama kutoka uani. Alifika pale, akasimama kidogo, akavua kofia, akakata kona kuelekea mlangoni kwa mzee kumwamkia.