'He' na Haki ya Kura: Historia ya Kiwakilishi cha Watu Wote katika Kiingereza

Matumizi ya 'they' kwa mtu mmoja ambaye jinsia yake haikutajwa aghalabu huchukuliwa kuwa zao la harakati za wanawake za miaka ya 1970. Dai hili halina mashiko. Matumizi hayo yamo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Chaucer aliyatumia, na Jane Austen hakuyaonea haya. Lililo geni ni katazo lake.

Katazo hilo ni la wanasarufi wa karne ya 18. Ann Fisher (mwanamke, ajabu ya mambo) ni miongoni mwa wa kwanza kufundisha kwamba kiwakilishi cha kiume chatosha kwa jinsia zote mbili. Mwaka wa 1795, Lindley Murray aliorodhesha 'they' ya umoja miongoni mwa makosa ya kusahihishwa. Hoja yao ilikuwa ya upatanisho wa idadi: umoja usichanganywe na wingi. Kwamba 'he' nayo huvunja upatanisho wa jinsia, hilo halikuwasumbua.

Kanuni ya darasani ikawa sheria. Mwaka wa 1850, Bunge la Uingereza liliamua kwamba katika sheria zake maneno ya jinsia ya kiume yahesabiwe kuwahusu wanawake pia, isipokuwa pale ambapo kinyume chake kimetajwa waziwazi. Mwaka wa 1867, sheria mpya ya uchaguzi ilipojadiliwa, John Stuart Mill alipendekeza neno 'man' liondolewe na mahali pake pawekwe 'person'. Akashindwa, akiungwa mkono na wabunge 73 tu. Hata hivyo, wanawake zaidi ya 5,000 wa Manchester waliishika sheria ya 1850 kwa neno lake na kudai kuandikishwa. Shauri lao, Chorlton dhidi ya Lings, liliamuliwa mwaka wa 1868: 'man' katika sheria ya kura hakumjumuishi mwanamke, kwa kuwa mwanamke tangu kale hakuwa na sifa ya kupiga kura. Kumbe ujumuishi wa neno la kiume haukuwa sifa ya lugha hata kidogo. Ulitegemea hakimu aliyelisoma. Susan B. Anthony aliligusa jambo hilohilo nchini Marekani mwaka wa 1873, alipohoji kwa nini 'he' ya sheria za kodi na adhabu imbane mwanamke ilhali ile ya haki imwache nje.

Majaribio ya kubuni kiwakilishi kipya hayakufua dafu. 'Thon' ya Charles Converse iliingia katika kamusi ya Webster ya 1934, ikaondolewa katika ile ya 1961. Wasemaji wa kawaida hawakuihitaji, kwani hawakuwa wameiacha 'they'. Ann Bodine alilithibitisha hilo mwaka wa 1975. Upya halisi ni ule uliotambuliwa na Merriam-Webster mwaka wa 2019: 'they' ya mtu anayejulikana kwa jina, asiyejihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke.

Mfasiri wa fasihi ya Kiswahili anahusika moja kwa moja. Kiambishi 'a-' hakibainishi jinsia, na mashairi mengi ya mapenzi humficha mpenzi humo kwa makusudi. Kwa muda mrefu tafsiri za Kiingereza zililazimika kumfichua kwa 'he' au 'she'. 'They' humsitiri, lakini katika ubeti mfupi huenda ikamfanya mpenzi mmoja asomeke kama kundi zima.